Maneno ya Palau Niliyoyakatiza

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya mvua, nami nilikuwa ndani ya basi nikitoka katikati ya Guangzhou kwenda Shiling kuchagua mikoba. Kando yangu alikaa mdogo wangu Idi, aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapa kwa ufadhili. Nilimchukua anisaidie Kichina, maana changu kilikuwa cha kuuliza bei na kuikataa, basi.

Idi alikuwa na furaha ya mtoto aliyevishwa nguo ya sikukuu. Darasani kwao kulikuwa na msichana ambaye mama yake ni mtu wa Palau, visiwa vidogo huko mbali katika Pasifiki, na tangu muhula uanze Idi alikuwa akimsumbua kwa maswali ya lugha yao.

"Dada, sikiliza hii. Sisi tukisifu kitu, sifa inavaa sare ya kitu chenyewe. Kiti kizuri, mti mzuri, viatu vizuri. Sivyo?"

"Ndivyo. Na viatu vizuri viko soko la Zhanxi. Leo tunafuata mikoba."

Akacheka. "Wao sifa haina sare. Ni *ungil* tu, iwe kiti, iwe mtu. Lakini dada, kwao sifa ni kitenzi! Sisi tunasema mtu amechoka, mtu ameshiba. Hayo ni vitenzi, lakini yanamweleza mtu alivyo. Basi wao hata uzuri, hata ukubwa, vinakwenda hivyo hivyo. Uzuri ukishapita, wanatanguliza *mle*. *Mle ungil*, alikuwa mzuri."

"Mm," nikasema. Nilikuwa nikipitia picha za mikoba kwenye simu.

"Na wana neno la kumweleza samaki aliyekwisha kaushwa kwa moshi, na lingine, kutoka kitenzi hicho hicho, la kumweleza samaki ambaye bado anangoja kukaushwa. Kungoja nako kwao ni sifa! Halafu ukitaka kusema mtu mzuri, unaweka kineno *el* katikati ya hayo maneno mawili, kama uzi unaoshona vipande viwili vya kitambaa."

Huo mfano wa uzi aliutafuta kwa ajili yangu, mwanangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Wazazi wetu walifariki tukiwa Temeke, mimi wa kwanza, Idi wa mwisho, na katikati wengine wawili. Niliacha shule nikakaa kwenye cherehani ya jirani. Kila jioni Idi aliporudi shuleni alikuja kukaa sakafuni karibu na miguu yangu, akanisimulia walichofundishwa. Ramani, moyo wa chura, visehemu. Mimi nakanyaga cherehani, yeye anasema. Shule yangu yote iliyobaki niliisoma hivyo, kwa sikio. Alipokuwa mkubwa aliendelea, na hata nilipohamia Guangzhou kwa biashara naye akanifuata kwa masomo, jioni hazikubadilika. Alikuja chumbani, tukala, akaniambia alichosoma.

Tulipofika Shiling tukaingia duka la *laoban* mmoja, tajiri wa mikoba tuliyemzoea. Nikaanza kuvuta zipu moja moja. Idi akanisogelea, sauti yake imeshuka.

"Dada, mwalimu wangu amesema niendelee na lugha hii kwenye shahada ya pili. Hizo sifa zao ndizo nitakazoandika. Anataka jibu wiki hii. Nimemwambia kwanza nikuulize wewe."

Kama ningemuuliza swali moja tu! Hata la kijinga. Lakini mvua ilikuwa imenilowesha, mzigo ulikuwa unasubiriwa Dar, na wafanyabiashara wawili wa kwetu walikuwa wamesimama pale wakinitazama. Nikaongea kwa sauti ili nao wasikie.

"Mimi niliacha shule ili wewe uje uhesabu maneno ya watu wa kisiwa? Utampeleka nani Kariakoo akanunue hayo maneno? Soma mambo ya mizigo kama wenzako."

Wale wawili wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, dada, labda anataka kuoa huko!"

Idi hakubishana. "Sawa, dada," akasema. Kisha akamgeukia *laoban* akaanza kumuuliza bei ya mkoba niliokuwa nimeushika, vizuri kabisa, kama hakuna kilichotokea.

Akatii, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Angenikasirikia, tungegombana, pengine ningesikia kilichokuwa moyoni mwake. Alisoma mambo ya mizigo, akafaulu.

Nilikuwa nikiishi na Bi Saumu, mama wa makamo kutoka Unguja aliyetangulia biashara hapa kabla yetu sote. Jioni moja, Idi alipokwisha kula na kuaga, aliniuliza huku akikusanya sahani.

"Idi ana nini siku hizi?"

"Hana kitu. Ametulia," nikajibu, tena kwa majivuno. "Amekuwa mtu mzima."

"Hajatulia yule. Amenyamaza." Akaziweka sahani chini. "Zamani nilikuwa siwezi kuswali kwa kelele zenu. Umemlisha mdogo wako, umemvisha, Mungu atakulipa. Lakini alipokuja na kitu chake mwenyewe, ulimfungia mlango."

Nilikasirika. Nikamwambia hajui kulea yatima. Akaziokota sahani akaenda kuziosha, na leo ametangulia mbele ya haki kabla sijamwambia kwamba alisema kweli.

Idi sasa anasafirisha mizigo ya ndege kupitia uwanja wa Baiyun. Watu wanamsifu, na kwangu hajapungukiwa adabu hata siku moja. Ananipigia kila jioni: mzigo umefika, mzigo umechelewa, umekula dada, haya lala salama.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Shiling, kwa gari lake. Nikajikaza nikamwambia, "Idi, nieleze tena yale maneno ya Palau. Yule samaki anayengoja."

"Ya nini, dada? Hayo yalishapita."

"Nakumbuka kidogo. Kuna *ungil*. Na kuna *el*, inayowekwa mwishoni."

Wipa zikapangusa kioo, zikapangusa tena.

"Katikati, dada," akasema taratibu. "Inakaa katikati. Kama uzi."

Nikangoja aendelee. Simu yake ikalia, akaanza kuzungumza habari za mzigo.

Basi mwanangu, wewe uliyebeba wadogo zako, nisikilize. Kuwalisha ni kazi kubwa, lakini usiifanye fimbo ya kuwachapia. Mdogo wako akikuletea jambo usilolielewa, weka chini ulichoshika. Muulize swali moja, kisha la pili, hata kama watu wanakutazama. Ukiona njia yake haina riziki, mwambie hivyo, lakini baada ya kumsikia mpaka mwisho, na mkiwa wawili tu. Na kama ulikwisha mkatiza kama mimi, rudi ukamuulize, na ukijibiwa maneno machache, yapokee, kisha kesho urudi tena. Mimi nitarudi.

Mungu akuwekee wadogo zako, awape la kusema, na wewe akupe sikio lisilochoka. Amina.