Darasa la Nyungunyungu

Watoto wa kreshi, yaani chekechea, walimwita Gogo, jina la bibi kwa Kizulu, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga na Kizulu chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Jina lake hasa ni Mayasa. Alikuja Johannesburg akiwa mke wa fundi cherehani. Mume akafariki, akabaki na mwanawe wa pekee, Karimu, aliyekuwa dereva wa gari la mizigo huko Midrand. Karimu naye barabara ikamchukua angali kijana.

Siku ya maziko wanaume walimbeba, na Mayasa akabaki nyumbani na wanawake wenzake, kama desturi ilivyo. Tangu hapo hakwenda kuliona kaburi. Watu wakimwuliza husema miguu inamsumbua. Miguu haikuwa na neno. Aliogopa kulikuta jina la mwanawe limeandikwa kwenye kibao.

Aliyemtoa ndani ni Murielle, jirani yake Mkongo wa Bukavu, aliyefungua kreshi katika gereji ya nyumba yake pale Rosettenville. "Maman Mayasa, kuya unisaidie na hawa batoto," alimwambia. "Utakufa na mawazo ku nyumba." Mayasa akaenda kwa siku chache, akabaki miaka.

Somo alilolipenda kuliko yote ni la nyungunyungu, wale minyoo wa udongoni. Mvua za kwanza zikinyesha huwachimba uani, akawatia pamoja na udongo na majani makavu katika tangi la kioo lililokuwa la samaki. Watoto walibandika pua zao kwenye kioo. Aliwaonyesha ule mkanda uliovimba karibu na kichwa cha nyungunyungu mkubwa, akawaeleza kwamba humo ndimo kinamotoka kifuko kidogo, kidogo kuliko punje ya mchele, na ndani ya kifuko mna mayai. Vitoto hutoka vyeupe kama uzi. Vinakula, vinanenepa, navyo vinapata mkanda wao.

"They eat what, Gogo?" aliuliza mmoja. Wengi wao Kiswahili walikisikia tu, kujibu hawakujibu nacho.

"Wanakula vilivyokufa," alisema Mayasa. "Jani likifa, wanalila, linakuwa udongo mzuri. Mchicha unaota hapo."

Alilisema kama alivyolisema miaka yote. Nyuma ya wenzake alisimama Saida, mtoto wa Ameir, kijana wa Kizanzibari anayeuza kava za simu mjini. Mama yake Saida, Mwanaharusi, alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya mvua za mwaka huo, baada ya kuugua tumbo kwa muda mrefu. Saida alikitazama kioo mpaka Murielle akaja kuwaita wakale.

Kesho yake asubuhi Mayasa alikuta tangi tupu. Udongo ulikuwa umemwagwa sakafuni, na nje, kwenye saruji inayopigwa na jua, nyungunyungu walikuwa wametandazwa mmoja mmoja. Wengine walikwisha kukauka kama kamba za viatu. Saida, aliyeletwa mapema kuliko wote, alikuwa amechuchumaa kando yao, mikono imejaa matope mpaka viwikoni. Watoto wengine walipoona, walianza kulia.

"Saida, mwanangu, umefanya nini?"

"Sasa hawatafika," alisema Saida.

"Wasifike wapi?"

"Kwa mama."

Mayasa aliketi palepale chini. Alimpakata, matope na yote, akamwosha mikono kwenye bomba la uani.

Jioni Ameir alipokuja kumchukua mwanawe, Mayasa alimweleza yote. Uso wa kijana ulibadilika.

"Bi Mayasa, utu uzima wako nauheshimu. Lakini mtoto mdogo hivi unamfundisha mambo ya minyoo? Na mama yake amezikwa juzi?"

"Kosa langu, baba. Sikufikiri. Lakini neno limeshaingia kichwani mwake. Mimi naona umpeleke akaone."

"Akaone nini? Makaburini?"

"Anadhani mama yake anateswa. Wewe umemwambia nini?"

Ameir alitazama pembeni. "Nimemwambia amesafiri."

"Naye aliona jeneza likitoka."

Ameir alimwinua mtoto begani, akaondoka bila kuaga. Siku kadhaa Saida hakuletwa. Murielle alinung'unika kwamba Maman atamfukuzia batoto wote na ile minyoo yake. Kisha Ijumaa moja, baada ya sala, Ameir akasimama mlangoni akiwa bado na kofia yake.

"Kila mahali anachimba," alisema. "Uani kwetu, kando ya barabara, hata pale kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka. Jumapili tutakwenda. Lakini uje nasi, Bi Mayasa. Peke yangu siwezi."

Mayasa alitaka kusema miguu inamsumbua. Maneno yalifika mdomoni, akayameza.

Makaburi ya Waislamu yalikuwa mbali, kwa teksi mbili, daladala za huko. Kaburi la Mwanaharusi lilikuwa bado tuta la udongo mwekundu, majani machache yameanza kuchomoza juu yake. Ameir aliomba dua. Saida alisubiri baba yake ajipanguse uso, ndipo akamgeukia Mayasa.

"Gogo, wamo humu?"

Ameir alimtazama Mayasa kwa jicho la kumsihi aseme hapana.

"Wamo," alisema Mayasa. "Udongo wote una wadudu wake. Mwili ukizikwa unarudi kuwa udongo, nao wana kazi yao humo."

"Inamuuma?"

"Haimuumi."

"Alikuwa analia. Tumbo."

"Najua, mama. Maumivu yale yalikwisha alipofariki. Hayakurudi tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Saida aliutazama udongo. Hakuchimba. Ameir aliwapa mgongo, mabega yakawa yanatikisika, wakamwacha alie.

Wakati wa kuondoka ulipofika, Mayasa hakuinua mguu. "Baba Saida," alisema, "mwanangu naye yumo humu. Nisaidie kumtafuta."

Walipita safu baada ya safu, Ameir akisoma majina kwa sauti. Alipofika kwa Karimu alinyamaza, na kunyamaza kwake kukamjulisha. Rangi ya kibao ilikuwa imechujuka na kaburi limefunikwa na magugu. Mayasa alipiga magoti, akaanza kung'oa, akilia kilio ambacho siku ya msiba alikizuia mbele za watu. Alimwomba mwanawe radhi kwa kumwacha peke yake miaka yote hiyo. Saida alisimama karibu yake.

"Huyu naye haumwi?"

Mayasa aliendelea kung'oa.

"Haumwi," Saida alijijibu mwenyewe, akainama kumsaidia kung'oa.

Mwezi haukupita, Ameir akakata shauri kumpeleka mtoto Unguja kwa bibi yake mzaa baba. Biashara ilimweka mjini mchana kutwa na mtoto wa kike anataka malezi. Mayasa aliona ni sawa, akalisema hivyo, akamfungia Saida vitumbua vya njiani. Murielle alimkuta baadaye ameshika ndala ndogo iliyosahauliwa, akampokonya taratibu. "Acha, Maman," alimwambia.

Nyungunyungu bado anawafundisha kila mvua zikianza. Kabla ya kumwaga udongo kwenye tangi huwauliza kwanza wazazi kama kuna msiba nyumbani. Jumapili akipata nauli huenda kwa Karimu, na hupitia kwa Mwanaharusi pia.

Mwaka jana Ameir, akiwa likizo kwao, alimpigia kwa video. Saida alikuwa amerefuka, amevaa buibui la madrasa, na Kiswahili kinamtoka kama maji.

"Msalimie Gogo," baba yake alimhimiza.

Mtoto alimkodolea macho yule bibi kizee kwenye simu. "Gogo ndiye nani, baba?"

Ameir aliona haya, akaanza kumkumbusha. "Mwache," alisema Mayasa. "Mwache akacheze." Akasubiri simu ikatike, ndipo akajifuta macho kwa ncha ya kanga.