Alichosema Ndugu wa Kapteni

Jumapili, tarehe 11 mwezi wa tatu, 2018. Asubuhi mawingu yalishuka mpaka nusu ya mlima yakakaa hapo. Saa sita jua likatoka kali, na saa tisa mvua ikaja yote kwa mara moja.

Niliandika hayo siku ile nikaishia hapo, kwa sababu jioni sikuwa na mkono wa kuandika. Sasa najaribu tena. Niliachia shule darasa la saba, kwa hiyo anayesoma anisamehe nikipinda njiani. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nilisimuliwa na mume wangu, na nitasema lipi ni lipi.

Mume wangu alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video karibu na soko la Bwera. Vijana walimwita vijee. Alikaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, filamu ikienda kwa Kizungu yeye anaisema kwa Kiswahili, maana pale waliingia watu wa kila namna: Wakonzo wa kwetu, Wakongo wa sokoni, madereva wa malori wanaongoja karatasi za forodha Mpondwe, na askari. Mimi nilikaa nyuma yake na chupa ya chai ya tangawizi. Koo likimkauka, nammiminia.

Ila mtafsiri wa kwetu hatafsiri tu, anaongeza. Mtu kwenye skrini akifungua mdomo na sauti yake isisikike, labda bunduki zinalia au injini inanguruma, mtafsiri anamtilia maneno. Asipomtilia, watu wanapiga kelele: “Vijee amelala! Mwamsheni!” Wanaona wameibiwa.

Filamu iliyopendwa kupita zote ilikuwa ile ya anga, ya kapteni mwenye chombo kikubwa anayeokoa watu kwenye sayari zinazoungua. Tulikuwa tumeona sehemu tatu. Mwisho wa kila sehemu kapteni anasimama mlangoni pa chombo, moto unakuja, na mume wangu anamsemea kwa sauti nzito: “Mutu wa mwisho ameingia?” Kibanda kizima kinajibu: “Ameingia!” Ndipo mlango unafungwa. Neno hilo lilitoka nje likawa la mji. Mwenye bodaboda akishapakia watu watatu na kuku, anageuka: “Mutu wa mwisho ameingia?” Baadaye sana mume wangu aliniambia kwamba katika Kizungu kapteni hasemi kitu pale, anatazama tu.

Sasa jirani yetu. Alitoka kijiji cha upande wa Beni, huko Kongo, tukakaa naye ua mmoja, mlango wake ukitazama wetu, yeye na mke wake na watoto. Siku watu wa porini walipoingia kwao na mapanga, alimpakia mke na watoto kwenye pikipiki. Kaka yake, ambaye alimwita yaya, alikuwa anakuja nyuma anakimbia. Jirani aligeuza kichwa akamwona: mkono mmoja juu, mdomo wazi. Injini ilikuwa inanguruma. Hakusikia. Alivuka mpaka kwenye daraja la Mpondwe na swali hilo, na hakujua kama yaya alikufa au yuko hai. Yaya alisema ngoja, au alisema nenda? Kama alisema ngoja, basi jirani alikuwa na deni la kurudi kumtafuta, hivyo ndivyo alivyoona yeye. Kila wiki alisema atarudi, na kila wiki mke wake alilia, kwa sababu huko watu walikuwa bado wanakufa.

Jioni moja, sote tumekaa uani, akamwambia mume wangu: “Weye kazi yako njo midomo ya batu. Nikuonyeshe?” Akasimama, akanyoosha mkono juu, akafungua mdomo kama yaya.

Mume wangu alimtazama. “Rudia.”

Akarudia.

“Alisema nenda,” mume wangu akasema. “Mdomo wa ngoja hauko hivyo.”

Tangu siku ile jirani hakuzungumza tena habari ya kurudi. Alianza kubeba magunia ya kahawa sokoni, akanunua godoro. Mke wake alinishika mkono kisimani: “Mama, bwana yako ametupatia usingizi.” Sisemi mume wangu alidanganya. Labda aliona kweli. Mimi nilitazama mdomo uleule na sikuona kitu, lakini mimi si mtafsiri.

Jirani akawa mtu wa kibanda. Alimpenda kapteni mpaka akamwita grand, kama Wakongo wanavyomwita mkubwa wao. “Ule grand haachake mutu,” alisema.

Basi sehemu ya nne ikatoka. Mume wangu alikwenda Kasese kuichukua, akaitazama huko kwanza katika kibanda cha mtafsiri mwingine. Jumamosi alirudi, mimi nachagua maharage, akakaa bila kuvua viatu.

“Ni mbaya?” nikamuuliza.

“Kasese wamepiga makofi. Ni nzuri, labda ndiyo nzuri kupita zote.”

“Sasa mbona uso umeanguka?”

Akanieleza. Katika sehemu hii kapteni amezeeka, na tunarudishwa nyuma kuona safari yake ya kwanza, kabla hajawa mtu wa sifa. Sayari inaungua, chombo kimejaa, na kapteni anafunga mlango watu wakiwa nje. Mmoja wao ni ndugu yake. Anakuja anakimbia, mkono juu, mdomo wazi. Sauti imezimwa yote, hata ya moto. Unaona mdomo tu.

Niliacha maharage.

“Yule wa Kasese alimtilia nini?” nikauliza.

“Hakumtilia. Aliwaambia watu kwamba hapa sauti imezimwa makusudi, tutajua sehemu ijayo.”

“Basi mwambie jirani asije kesho.”

“Nimwambieje? Ameshafua shati.”

Nilimwambia amtilie nenda. Halafu nikamwambia asitilie kitu, aache ilivyo. Nilisema yote mawili usiku huohuo na yote niliyaamini. Yeye alisema tu kwamba ataona pale pale.

Jumapili watu walitoka makanisani wakaja moja kwa moja, na nguo nzuri. Jirani alikaa benchi la mbele. Mvua ilianza filamu ikiwa katikati, na juu ya mabati ikawa lazima mume wangu apaze sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilipofika pale chomboni, watu walianza wenyewe, hawakumngoja: “Mutu wa mwisho ameingia?” Wakajijibu: “Ameingia!” Walikuwa wanacheka.

Kapteni akafunga mlango.

Kicheko kilikatika vibaya. Skrini ikanyamaza, ikabaki mvua, na yule ndugu anakimbia na mdomo wazi. Mume wangu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilimpa chai, hakuiona.

“Vijee amelala!” mtu akapiga kelele.

Jirani aligeuka benchini. Hakupiga kelele. “Anasema nini?”

“Nenda,” mume wangu akasema. “Anamwambia kaka yake, nenda.”

Jirani aliitikia kwa kichwa. Nadhani mambo yangeishia hapo. Sijui. Lakini nyuma alikuwa amekaa mwendesha bodaboda mmoja aliyelala Kasese siku mbili, na alikuwa ameipenda filamu ile kwa moyo wote. Akasimama juu ya benchi.

“Uongo, vijee! Usituharibie! Pale hakuna neno. Mimi nimeiona Kasese mara mbili. Hakuna anayejua alisema nini, ndiyo utamu wenyewe!”

Simlaumu. Alisema kweli, na alisema kwa mapenzi ya filamu. Hakujua habari ya mtu.

Filamu iliisha na mvua haikuisha, kwa hiyo hakuna aliyetoka. Ndipo ugomvi ukaanza. Dereva mmoja wa lori alisema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. “Kapteni gani huyu? Huyu ni mwizi amevaa nguo za kapteni. Yule wetu hafungi mlango mpaka mtu wa mwisho aingie!”

Hapo nilimwona mume wangu anatazama chini, kwa sababu yule kapteni wa mtu wa mwisho alikuwa wake, si wa filamu. Kasese hawakuwa na neno lile. Huko kapteni alikuwa mtu tu tangu mwanzo, ndiyo maana walipiga makofi.

Askari mmoja alimjibu dereva: “Wewe umewahi kufunga mlango?”

“Hapana, afande.”

“Basi kaa chini. Angengoja, wote kufa. Hata huyo ndugu, na watoto waliomo ndani. Hiyo ni kazi.”

“Afande, hata kama. Ndugu!”

“Kaa!”

Dereva akakaa, watu wakacheka. Mama anayeuza vitenge alisema yeye amelia, na ameipenda, na wanaotaka kapteni asiye na dhambi waende wakatazame katuni. Wengine walitaka warudishiwe kiingilio. Naandika pande zote kwa sababu pande zote nilizisikia, na kila aliposimama mtu nilimwona ana haki.

Kisha wakaingia kwenye lile walilolipenda zaidi: yule ndugu alisema nini.

“Alisema ngoja. Nani hatasema ngoja?”

“Alimlaani. Tazama mkono!”

“Mimi naona alisema, umebeba ufunguo wa nyumba!”

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Watu walisimama mmoja mmoja mbele ya skrini, mkono juu, mdomo wazi, na wengine wakabahatisha kama mchezo. Jirani alikuwa amekaa palepale. Yeye naye alicheka kidogo, na kicheko chake ndicho kilichoniogopesha.

Mvua ilipopungua sisi watatu tulirudi uani kwetu. Mlangoni jirani alimsimamisha mume wangu.

“Grand, nikuulize. Ile siku ulisoma mudomo ya yaya, ao ulisoma roho yangu?”

“Nilikuambia nilichoona.”

“Uliniambia rudia. Juu ya nini?”

“Mara ya kwanza sikuona kitu.”

“Na ya pili?”

Mume wangu angeweza kusema neno moja tu. Alikuwa mtu wa maneno, alikula kwa maneno. “Ya pili,” akasema, “nilimwona mke wako amesimama nyuma yako.”

 Jirani akamshika bega, kwa upole, akasema, “Aksanti. Haiko mubaya.” Akaingia ndani, tukasikia mke wake anaanza kulia, polepole, kama mtu anayejua urefu wa kazi iliyo mbele.

Jumatatu asubuhi jirani alikwenda. Alichukua mfuko mdogo na shati lile. Mke wake, mimi na watoto tulimsindikiza mpaka karibu na daraja. Mume wangu hakuja. Alisema jirani akimwona atadhani amekuja kumtilia neno lingine. Pale darajani mke wake hakumwambia nenda wala ngoja. Alimfunga kifungo cha juu cha shati. Jirani alipofika katikati ya daraja aligeuka na kutuambia kitu. Lori lilikuwa linapita. Naapa sikusikia. Mke wake pia hakusikia, na tangu siku ile hajamwomba mtu yeyote ambahatishie.

Alipiga simu mara moja kutoka Beni, akasema bado anauliza uliza. Baadaye mfanyabiashara wa Butembo alisema alimwona, au mtu kama yeye, kwenye njia ya kijiji chao. Kisha simu ikawa haipatikani, na haipatikani mpaka leo.

Siwezi kusema filamu ndiyo iliyompeleka. Labda angeenda tu, kwa kuwa swali lilikuwa lake kabla ya kapteni kuwa wetu. Wala siwezi kusema mume wangu angemshikilia kwa uongo miaka mingapi. Usiku mwingine nasema afadhali uongo. Asubuhi nasema hapana. Kama kuna aliyesoma kunizidi, ataamua.

Mume wangu aliacha kutia maneno. Palipo kimya alikaa kimya, watu wakasema vijee amelala kabisa, na mwenye kibanda akaleta mwingine. Mwishoni mwa 2019 sehemu ya tano ilifika. Watu walijaa mpaka nje, wengi kwa sababu ya yule ndugu tu. Nilikwenda kusikiliza nikiwa nimesimama mlangoni. Ndugu hakuwamo. Hakutajwa hata mara moja, kana kwamba waliotengeneza walimsahau. Yule mwendesha bodaboda alitupa kofia chini akasema hataingia kibandani tena maishani. Wengine walisema ni nzuri, ina vita vingi.

Lakini nimeruka mbele, na nilitaka kumaliza ile Jumatatu. Jioni mvua haikuja. Mke wa jirani hakuwasha moto kwake, kwa hiyo nilisonga ugali wa muhogo, bundu, wa kutosha nyumba mbili, tukala na sombe, majani ya muhogo, na samaki mmoja mkubwa, ngege, aliyeletwa kutoka Kasenyi. Watoto walimaliza mchuzi. Kichwa cha samaki mke wake alikiweka kwenye sahani na kukifunika, maana bwana yake ndicho anachopenda, na hakuna aliyekigusa.