Dispraksia Kwenye Meza ya Minofu

Walisema sitamaliza wiki. Mjomba aliyenipokea kwake mtaani Buzuruga nilipotoka chuoni alimwambia mkewe, "Huyu hata chai anamwaga. Ataweza kisu cha sangara?" Niliweza, na nimestaafu nikiwa mkaguzi mkuu wa ubora. Stashahada yangu ipo ukutani, njooni muione.

Siku ya kwanza kwenye kiwanda cha samaki nilikoajiriwa kukagua ubora, kufunga aproni tu kulinichelewesha. Desturi ya pale: mgeni, awe na cheti gani, anamtazama fundi akitoa minofu, yaani nyama isiyo na mifupa, kisha anarudia. Nikarudia. Nyama ilibaki kwenye mfupa, kisu kikaanguka.

"Mkaguzi, umepiga gongo asubuhi yote hii?" fundi mmoja akauliza. Meza nzima ikacheka.

Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Nisipoweza kuchukua sampuli ya samaki ya kupeleka maabara bila kuichafua, naondoka. Leo madaktari wanaiita hali yangu dispraksia: akili inajua inachotaka, ila kuupangia mwili hatua zake ni shida. Si ulevi wala uvivu, na haiishii utotoni. Wakati ule nilijua tu kwamba kutazama hakunifundishi.

Meneja wa Ubora, mama mmoja mzaliwa wa Nansio ambaye sijaona mfano wake, akaniita.

"Acha kumtazama fundi. Mkono wa kushoto unafanya nini?"

"Unashika kibanio, mama."

"Sema kwa sauti, halafu fanya."

Akanitafutia kibanio chenye mpini mnene na sinia yenye kingo, akakataza vifaa vyangu visihamishwe.

Nikawa nasema kila hatua: "Kushoto, shika. Kulia, kata. Mfuko, funga." Mafundi wakaniita Mchungaji, eti nawaombea sangara.

"Shikamoo Mchungaji! Huyo ameokoka?"

"Marahaba. Amekutangulia."

Siku ya kupimwa, Mkurugenzi alisimama nyuma yangu. "Mbona anaongea peke yake?"

"Anafanya kazi, mzee," Meneja akajibu. "Naomba usimkatize."

Sampuli ikaingia mfukoni safi, nikathibitishwa kazini. Wiki iliyofuata mafundi wawili wakaomba visu vyenye mpini mnene, na mmoja ni yule wa gongo.

Vijana mnaoongoza watu, mwigeni mama yule. Alibadilisha sinia, mimi nikawapita wote waliokuwa wepesi wa mikono, nasema bila kuona haya. Siku ya kuagwa kazini, mke wangu alinifunga vifungo vya shati mbele ya ukumbi mzima. Nilipopewa kipaza sauti, nilimshukuru Meneja kwanza, kisha Mungu. Padri aliyealikwa akanikazia macho. Sikubadilisha mpangilio.