Kinyonga kwenye Mvua ya Bulyaga

Kila mahali nilipoishi, kinyonga ni kiumbe cha kutupiwa mawe. Wengine humtia tumbaku mdomoni ili wamwone anavyobadilika rangi akifa. Sikukubaliana nao nikiwa mtoto, na sikukubaliana nao mwaka ule wa Ujamaa nilipopanga chumba Bulyaga, pale mjini Tukuyu, wakati kila mtu alikuwa anaulizwa anafanya kazi gani.

Mimi nilifanya kazi iliyopatikana. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu akiwa bado anaeleza mito ya nchi za mbali, huku mimi natazama ukungu ukiteremka Mlima Rungwe na kutaka kujua unakwenda kuishia wapi. Nilichuma chai, nilipakia ndizi kwenye malori, nilihama nilipochoka. Kinyonga nilimpata Mpuguso, siku tulipokuwa tunafyeka shamba la kijiji. Alikuwa dume mwenye pembe tatu puani. Mwenzangu mmoja alishatoa tumbaku mfukoni. Nikamwambia ainuse mwenyewe, nikamtia kinyonga ndani ya kofia yangu na kuondoka naye.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani. Aliuza maandazi barazani, na sauti yake ilifika sokoni bila kutumwa.

"Mwanangu, umeniletea nini?"

"Mgeni, mama."

"Mgeni gani huyu, jicho moja linanitazama mimi na lingine linatazama mlango kama mwizi?" Akajifunga kanga vizuri. "Sikiliza. Huyo akifia ndani ya nyumba yangu ni mkosi. Utatoka naye, wewe na godoro lako."

Nikasema hatakufa.

Tukuyu ni baridi. Mtoto mchanga hulazwa karibu na moto, ndama dhaifu naye huletwa karibu na moto. Nami sikufikiri zaidi ya hapo. Nilisimamisha tawi la mbuni ndani ya debe, nikaliweka kando ya jiko langu la mkaa, nikawa namkamatia nzi na panzi. Alikula vizuri na akanenepa. Halafu ngozi ikaanza kumtoka.

Mwanzoni nilifurahi. Alipauka, kisha ngozi ya zamani ikapasuka mgongoni na kubanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kijani kipya kikang'aa. Lakini miguuni na kwenye ncha ya mkia haikubanduka. Ilikauka pale pale, ikawa kama uzi uliokazwa. Mguu mmoja wa mbele ukavimba, na kidole kikaanza kuwa cheusi. Mguu wa kinyonga ni koleo; asiposhika tawi hapandi, asipopanda hali. Nikaona waziwazi kwamba nitampoteza.

Nilijaribu kuimenya ngozi ile kwa kucha. Ikatoka damu, naye akanifungulia mdomo akinizomea, na alikuwa na haki. Mwenye nyumba akanipa mafuta ya nazi, ameugeuza uso ukutani. "Mimi simponyi," alisema. "Mimi naponya nyumba yangu." Mafuta yalimfanya ang'ae tu. Uzi ulibaki umekaza.

Habari zilimfikia balozi wetu wa nyumba kumi. Akaja asubuhi na watu wawili nyuma yake, akasimama mbali na mlango.

"Ndugu, tumesikia unafuga uchawi."

"Ninafuga kinyonga, ndugu balozi."

"Nchi inajengwa kwa kazi. Hapa hatutaki kupe. Huyo anafanya kazi gani?"

"Anakula nzi. Na nzi wenyewe wengi wanatoka kwenye choo chako."

Wale wawili walicheka, kisha wakakumbuka walikuja na nani. Balozi akasema jioni akirudi asimkute. Nilimjibu kwamba jioni atamkuta, na mimi pia.

Siku hiyo nilikwenda Igogwe kupakia ndizi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kama kawaida ya huko. Nikiwa na mkungu begani nikamwona kinyonga mwingine kwenye ua wa miti, amepauka, yuko katikati ya kuvua ngozi. Hakukimbilia chini ya jani. Alijitokeza mvuani, akawa anasugua mguu kwenye kijiti kilicholowa, polepole, na ngozi ikamtoka kama soksi. Nikautua ule mkungu. Miezi yote Tukuyu mvua inanyesha, na mimi mgonjwa wangu nilimkausha kwa mkaa!

Sikungoja lori. Nilirudi Bulyaga, nikamtoa kinyonga debeni na kukaa naye barabarani, mbele ya baraza, mvua ikitupiga. Watu walijaa chini ya mabati ya maduka.

"Mwendawazimu anamwogesha shetani wake!" mmoja akapaza sauti.

"Njoo basi umsugue mgongo!" nikamjibu.

Nilimpa kijiti kilicholowa akishike. Sikuvuta kitu. Maji yalimchuruzika, uzi ukalainika na kuwa mweupe, naye akaanza kusugua. Balozi alifika akiwa na mwavuli na kuniamuru niinuke. Sikuinuka. Alisema ataniitia wanamgambo, nikamwambia awaambie waje na makoti ya mvua. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, ila kutoka pale sikutoka. Wakati anaendelea kufoka, ngozi ya mguuni ikateleza na kuanguka juu ya kidole gumba changu. Ya mkiani ikafuata. Mguu ukakibana kijiti, ukakishika.

"Kameshika," mama alisema kutoka barazani. Kisha akamgeukia balozi. "Na wewe nenda nyumbani, unaniloweshea maandazi kwa mwavuli wako."

Kile kidole cheusi kilidondoka baadaye, na kinyonga hakukihitaji. Jikoni sikumrudisha. Nilimweka kwenye ua wa miti pembeni mwa baraza, mvuani, na hapo akakaa kwa hiari yake. Balozi akawa anapita upande wa pili wa barabara.

Mama alilalamika kwamba wateja wanamwogopa. "Mwondoe, mwanangu. Yuko karibu mno na meza yangu."

Nikaibeba meza, maandazi yakiwa juu yake, nikaisogeza mbali naye.