Mama Mkubwa Anataka Mama Ale, Mama Anataka Ninyamaze

Habari admin, habari ndugu wasomaji. Naomba jina langu lifichwe, na ofisi yangu msiitafute, kwa sababu watoto wa mama yangu mkubwa nao wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni kijana wa kiume, umri miaka ishirini na sita, ni karani hapa Mwanza. Naishi Buhongwa na mama yangu. Nilizaliwa peke yangu, na baba alishafariki. Mama ana saratani ya tumbo. Daktari alituita wote wawili akatueleza taratibu kwamba ugonjwa hauwezi tena kuondolewa, kilichobaki ni kumpunguzia mateso. Mama alimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Dada yangu asijue. Amezika mume, amezika watoto wawili. Mimi asianze kunizika nikiwa hai." Nikamwahidi.

Maumivu yana dawa yake na yanatulia. Kinachotumaliza ni kichefuchefu na kutapika. Kuna muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, anayekuja nyumbani, ndiye aliyenifundisha. Kidonge cha kuzuia kutapika nampa mapema kabla ya chakula, si baada. Uji uwe umepoa, vijiko vichache, akikataa niache. Kichwa kiinuliwe kwa mito. Midomo niilowanishe kwa kitambaa. Akaniambia pia jambo lililoniogopesha: kwamba mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kuulazimisha ni kuutesa. Tangu hapo sikaangi kitunguu ndani ya nyumba. Dagaa sipiki kabisa. Ugali wangu naulia nje, ukiwa umeshapoa. Ofisini nakaa na simu mapajani, nikisubiri jirani aliyebaki na mama anipigie.

Kwa utaratibu huu mama alikuwa amepata nafuu kidogo. Shida yetu ni wageni.

Zamani ndugu zetu wa Sengerema walikuwa wanasubiri kivuko pale Busisi, kwa hiyo mtu akitaka kuja alijipanga, alipiga simu. Sasa daraja lipo, mtu anaamka tu na kuja. Mama mkubwa, dada yake mama, anakuja kila wiki na hotipoti. Kwetu chakula kilicholetwa kwa mgonjwa kinaliwa aliyekileta akiwa amekaa hapo hapo anaona. Ukikikataa ni kama umemwambia amekuja na mabaya.

Jumapili iliyopita alileta samaki, sato wa kuchemsha, na ugali wa muhogo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, ngosha, kijana wangu. Mgonjwa anakula?"

Nikamwonyesha kikombe cha uji. Akakitazama, akacheka. "Hiki ndicho chakula cha mtu mzima? Hata kuku wangu angenishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa."

Nikajitahidi kumweleza, kwa adabu, kwamba muuguzi amesema tumpe kidogo kidogo. Akaniuliza, "Huyo muuguzi amezaliwa lini? Mimi huyu nimemlea tangu anatambaa." Akamgeukia mama, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. Mama akafungua mdomo. Akala tonge moja, la pili, la tatu, huku anatabasamu. "Dada, chumvi bado inakushinda," alimwambia, na wote wawili wakacheka mpaka mama mkubwa akajifuta machozi.

Alipotoka kwenda kumsalimia jirani, mama akanionyesha beseni kwa kidole. Alitapika chakula chote, kisha maji, kisha nyongo, na tumbo likaendelea kujikamua hata pasipo kitu. Nilimshika paji la uso. Amekuwa mwepesi mno. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini umekula?"

Akajifuta mdomo. "Ningemwambiaje? Huyu alikuwa analala njaa ili mimi nile."

Mama mkubwa akarudi, akaliona beseni. Hakukasirika, alihuzunika, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningeweza kumkatalia. Akasema, "Unaona sasa? Tumbo limezoea njaa. Si kosa lako, mwanaume hajui kulisha mgonjwa. Jumamosi nakuja na gari la mjomba wako, namchukua Sengerema. Huko kuna maziwa, kuna michembe ya viazi, atarudisha mwili." Kisha akamuuliza mama, na mama akaitikia, "Sawa, dada."

Lakini alipoondoka tu, mama akanishika mkono. "Kule watanilisha mpaka nife natapika. Usiniache niende." Nikamwambia basi niruhusu nimweleze mama mkubwa hali halisi. Akatikisa kichwa. "Hapana. Tafuta maneno mengine."

Ndugu zangu, maneno mengine sina. Nimesema dawa ziko huku, akajibu zitabebwa. Nimesema barabara itamchosha, akajibu siku hizi ni lami na daraja, watatandika godoro. Muuguzi amejitolea kuzungumza naye, lakini naye anasema hawezi kutoa siri ya mgonjwa bila idhini yake. Mjomba nikimkatalia nitaonekana mtoto aliyesoma akawadharau wakubwa. Wakati mwingine nafikiri mama mkubwa akiujua ukweli atalia, kisha ataweka hotipoti chini na kukaa tu na mdogo wake, na pengine ndicho wanachokihitaji wote wawili. Wakati mwingine nafikiri mama atanitazama siku zake zilizobaki kama mtu aliyemsaliti.

Leo mama mkubwa amepiga simu kuuliza kitanda cha mgonjwa akiweke upande gani. Nikampa mama simu. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Dirishani, dada," akanirudishia simu na kugeukia ukutani.

Mliowahi kuuguza mtu wa hivi, semeni nami kabla ya Jumamosi. Nivunje neno nililompa mama, au nimwangalie akipanda gari?