Picha ya Kiande Ambayo Sikuipiga

Siku alipochinjwa mbuzi kwa kina Njoki, kule Uthiru, naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza ndipo naona haya. Umeniuliza mwanamitindo kama mimi na wewe hufanya nini macho ya watu yanapohamia kwa mwingine. Keti basi nikujibu, ila univumilie, maana sisi wazee hatufiki bila kuzunguka.

Mwaka huo nilikuwa nimeacha jukwaa. Nasema nimeacha kujipa heshima tu. Ukweli ni kwamba simu ya nyumbani ilikuwa imenyamaza. Wasichana wengine walikuwa wameingia mjini, warefu kunishinda. Nikanunua kamera kuukuu ya filamu, nikajiita mpiga picha. Njoki, tuliyekua naye nyumba jirani, akanipa kazi yangu ya kwanza: ngurario yake, ile sherehe ya Wakikuyu ya kukamilisha ndoa. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Upper Hill, na daktari alikataa katakata kumruhusu atoke. Picha zangu ndizo zingekuwa macho yake. Alichotaka kuona zaidi ni kiande, mguu wa mbele wa mbuzi, bwana harusi akiukata na kumlisha binti yake. Hapo ndipo wanapokuwa mume na mke.

Nilifika nimevaa kumshinda bibi harusi, mpaka viatu vya kisigino kirefu. Usicheke. Shangazi zake walikuwa wameniona kwenye kalenda ya duka moja la vitambaa mjini, na kila mmoja alitaka tusimame pamoja. Nami wakati huo mtu akitaja picha tu, mwili ulijipanga wenyewe: bega mbele, kidevu chini. Nikampa binamu ya Njoki kamera yangu atupige. Mara na mashangazi, mara kando ya masufuria, mara peke yangu kwenye maua. Kiande kilipoletwa nikarudi mbio, nikainua kamera, nikabonyeza. Kimya. Filamu ilikuwa imekwisha, na nyingine sikuwa nayo.

Nikamnong'oneza mzee aliyesimamia shughuli, nikamuuliza kama wangeweza kukata tena baadaye. Ingawa nilikua jirani na Njoki, asili yetu ni magharibi, mila zao sikuzijua vizuri. Akaniangalia kwa upole, akaniambia kiande hukatwa mara moja tu. Basi nikashusha kamera, nikabaki kutazama.

Wiki iliyofuata nilichukua picha zilizokwisha kusafishwa River Road, nikapanda nazo hospitalini. Mama Njoki alizipitia moja moja, bila haraka. Alipomaliza akazipanga vizuri juu ya blanketi.

"Akinyi, wewe nimekuona vizuri sana," akasema. "Sasa Njoki wangu ako wapi?"

Nikalia palepale. Nikamweleza filamu ilivyokwisha, na nani aliyeimaliza. Nilidhani angenifukuza. Badala yake akaniuliza kama macho yangu nayo yalikwisha siku hiyo.

"Si ulikuwa hapo? Niambie. Na usiruke kitu."

Nikaanza kwa kugugumia. Nikamwambia jinsi kisu cha bwana harusi kilivyoteleza kwenye mfupa, na Njoki akashika sinia huku akiuma midomo asicheke. Alipopokea kile kipande akakitafuna polepole, akageuka akatazama kiti walichokuwa wamemwekea mama yake, kikiwa kitupu. Mama Njoki, pale kitandani, alikuwa amefumba macho. Akauliza kama binti yake alivaa ule mkufu wake wa shanga. Nikamwambia aliuvaa, na alikuwa akiugusa kila mara. Akacheka, machozi yakimtoka, akanishika mkono.

"Haya, sasa nimefika harusini," akasema. "Uyaandike hayo yote. Nikisahau nitasomewa."

Niliandika jioni hiyohiyo, na sijaacha kuandika mpaka leo. Mama alipona, Mungu ashukuriwe, akawalea wajukuu watatu. Hata sasa nikimtembelea huniuliza mlangoni kama nimebeba filamu ya kutosha.

Sasa nisikilize. Macho ya watu yatahama, mwanangu, na yakihama usiyafukuze mbio. Wewe una yako, hayo hayatakwenda kwa mtu mwingine. Tena wewe unajua jinsi mtu anavyojisikia akitazamwa vibaya na akitazamwa vizuri. Hiyo ni elimu, itumie kuwatazama wenzako. Ukishika kamera au kalamu, toka mbele. Tazama kana kwamba kuna mgonjwa kitandani anayengoja umsimulie, asiye na njia nyingine ya kufika. Na hiyo harusi ya Jumamosi uliyoniambia unakwenda kuipiga picha, tafadhali vaa viatu vya chini.

Nenda salama. Mungu akulindie macho yako na kuulainisha mkono wako, na kila mama atakayezipokea picha zako amkute mtoto wake humo. Amina.