Kitanda cha Mtoto Kutoka Buterere

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na jua lilikuwa bado halijazama. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hudhani msimulizi alikuwa amelewa, au aliota. Sikuwa nimelewa. Mke wangu Goreti yupo, muulize. Hapendi niyasimulie, lakini hatayakana.

Ilikuwa miaka ya vita, tukikaa mtaa wa Mutanga Nord. Nilikuwa mwalimu. Ukitoka shule unakimbilia nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje, unafunga geti, halafu unafanya nini? Wengine walikunywa. Mimi nilitengeneza samani kuukuu. Sikusomea useremala, nilipenda tu. Nikipata kiti kilichochakaa nakikwangua rangi ya zamani, nakipiga msasa mpaka mbao inakuwa laini, halafu nakipaka rangi upya. Niamini, ukiwa unasugua mbao, hata milio ya risasi kule milimani unaisikia kama iko mbali kidogo.

Goreti alikuwa na mimba yetu ya kwanza, kubwa tayari, nilipokiona kile kitanda. Kilikuwa cha mtoto mchanga, na miguu yake imepinda chini ili kibembee. Mchuuzi mmoja alikuwa amekipanga pamoja na makabati na magodoro kando ya barabara ya kwenda Kinama. Siku zile vitu vya namna hiyo vilikuwa vingi. Watu walikimbia, vitu vikabaki. Nilimuuliza kimetoka wapi, akasema Buterere, akageukia mteja mwingine. Nikakifunga nyuma ya baiskeli.

Kilikuwa kijani, rangi imebabuka. Niliikwangua yote mpaka mbao ikabaki tupu, nikafagia vumbi nikalitupa. Kisha nikapaka rangi nyeupe ya mafuta, mkono wa kwanza, ikakauka. Jioni moja nilikuwa uani nimechuchumaa, namalizia mkono wa pili, jua linashuka kwenye milima ya Kongo, nikasikia mtu anasema nyuma yangu:

"Amani, papa."

Alikuwa mwanamke wa makamo. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi magotini. Hilo nililiona na likanishangaza, maana kilikuwa kiangazi na mvua tulikuwa tumeshaisahau. Nilidhani nimesahau kufunga geti, labda ni mama anayepitisha mchele wa kuuza.

"Amani, mama. Karibu."

"Umekifanya kizuri," akasema. "Kilikuwa kijani."

Nilicheka kidogo. "Umejuaje?"

Alisogea akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Mama, rangi ni mbichi, utajichafua."

Akaanza kukibembeza. Polepole, kama kuna mtu ndani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilisimama na brashi mkononi kama mjinga. Alikuwa anatazama ndani ya kitanda, mahali ambapo hapakuwa na hata godoro, na uso wake ulikuwa mpole mno. Upole ule ndio ulioanza kunitia baridi.

"Mutoto akiwa na homa," akasema bila kuinua macho, "apana mulaze upande wa ukuta. Ukuta uko na baridi."

"Sawa, mama."

"Na bibi yako mwambie asiogope kuzaa. Mi nitakuja kumubembeleza mutoto."

Goreti alikuwa ndani tangu mchana. Tumbo lake huyo mama alikuwa amelionea wapi? Niliinama kuitia brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, ili nipate nguvu ya kumuuliza yeye ni nani. Nilipoinuka hakuwepo.

Nilikimbilia geti. Lilikuwa na mnyororo na kufuli, kama nilivyolifunga mwenyewe niliporudi shule, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nikarudi kwenye kitanda. Sikiliza vizuri hapa. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, hata nzi akitua ataacha alama. Yule mwanamke alikuwa ameshika ule ukingo kwa viganja vyake vyote. Rangi ilikuwa laini kabisa, michirizi ya brashi yangu imenyooka, hakuna hata alama ya ukucha. Nikakaa chini kwenye saruji.

Goreti akatokea mlangoni, mkono kiunoni. "Huyo mama aliyekuwa anaimba ni nani?" akauliza. "Anaimba vizuri."

Mimi sikuwa nimesikia wimbo wowote.

Sikumwambia kitu mpaka asubuhi, na asubuhi sikuwa na haja ya kumwambia. Alinitangulia uani, nikasikia ananiita kwa sauti ndogo. Rangi ilikuwa imekauka, na kwenye ukingo, juu ya weupe wangu, kulikuwa na viganja viwili vya kijani, vidole vyote vinaonekana. Nilichukua msasa nikasugua. Kijani kikazidi kutokeza, kama kinatoka ndani ya mbao.

"Kirudishe kilikotoka," Goreti akasema. "Mi sizai nyumba moja na kitu hicho."

Sikumpelekea mchuuzi, maana angemuuzia mwingine. Nilimbana tu mpaka akanielekeza nyumba. Nikapanda baiskeli hadi Buterere, kule chini penye mashamba ya mpunga. Nyumba ilikuwa kuta bila paa. Jirani, mama mmoja aliyekuwa anaanika mchele kwenye turubai, alinitazama nikifungua kamba, kisha akaja kunisaidia kubeba.

"Mwenyewe alikimbilia shambani na mtoto wake," akasema. "Tuliwakuta ndani ya maji, kwenye mpunga. Mtoto alikuwa bado mgongoni."

Nilitaka kukiegemeza kitanda ukutani niondoke haraka. Akanishika mkono.

"Apana hapo. Weka katikati. Hakupenda mtoto alale upande wa ukuta, alisema kuna baridi."

Mimi sikuwa nimemwambia neno. Nilikiweka katikati ya chumba kile kisicho na paa, nikaendesha baiskeli mpaka nyumbani bila kugeuka.

Binti yetu alizaliwa wiki chache baadaye, salama, na leo ni mtu mzima. Brashi zangu nilizigawa. Tangu siku ile sijagusa msasa, na Goreti hakubali hata kigoda cha mkono wa pili kiingie mlangoni. Lakini kilichotutesa zaidi ni ile ahadi. Usiku mtoto analia, halafu ghafla ananyamaza, kabla hata hatujamfikia. Wazazi wengine hushukuru mtoto akinyamaza mwenyewe. Sisi tulikuwa tunakimbia. Na mara nyingine, nasema kweli, tulimkuta macho wazi, anacheka, anatazama juu mahali pasipo na mtu.

Kwa hiyo wewe unayependa vitu vya zamani, sikukatazi. Mbao za zamani ni nzuri. Ila kabla ya kufungua mkebe wa rangi, uliza mwenyewe yuko wapi. Si kitu kimetoka wapi, hapana. Mwenyewe yuko wapi. Muuzaji akigeukia mteja mwingine, kiache pale pale barabarani.